Uzuri wa Viwanda Vilivyokufa

Mnamo mwaka 1957, Bernd Becher, kijana wa Ujerumani, alikuwa akichora majengo ya mgodi wa chuma katika eneo la Siegen alikozaliwa. Kabla hajamaliza, ubomoaji ukaanza. Ikambidi achukue kamera ili ahifadhi kile ambacho penseli haikuwahi. Kuanzia mwaka 1959 yeye na Hilla, ambaye baadaye alikuwa mkewe, walipiga picha za minara ya migodi, matangi ya maji na matanuri ya kuyeyushia chuma, nayo ikawa kazi ya maisha yao yote.

Utaratibu wao ulifanana na wa mwanabotania apangaye majani. Kila jengo lilipigwa likiwa katikati ya picha, kwa filamu nyeusi na nyeupe, siku ya mawingu. Mawingu huutawanya mwanga, hivyo hakuna kivuli kizito cha kuficha maungio ya vyuma. Kisha picha za majengo ya aina moja zilipangwa kwa safu, na tofauti zake zikajidhihirisha zenyewe.

Kwa nini kuharakisha? Msomaji ajuaye kemia anafahamu kwamba chuma, kikikutana na maji na oksijeni, hufanya kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Kwa hiyo huvimba, hubanduka, na kuacha chuma kipya wazi kuliwa tena. Chumvi huzidisha kasi hiyo, kwani maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana mitambo iachwayo karibu na bahari, kama katika pwani yetu, haidumu. Kile ambacho kutu haikukimaliza, aghalabu huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Hata hivyo, picha za akina Becher zina upungufu mmoja: watu ni nadra kuonekana. Uzuri wa kutu usitusahaulishe kwamba kiwanda kinapofungwa, watu hupoteza riziki zao. Kwa hiyo mwanafunzi atakaye kupiga picha za kiwanda kikongwe, kwanza aombe ruhusa, wala asipande sakafu au ngazi zilizooza. Kisha aandike tarehe na mahali, na amtafute mzee aliyefanya kazi pale amweleze kila mtambo ulifanya nini. Mtambo utakapokuwa umetoweka, maelezo hayo ndiyo yatakayoifanya picha kuwa ushahidi, si pambo tu la ukutani.