Jibu Kabla Mgonjwa Hajaondoka

Kisukari huharibu jicho kimyakimya. Sukari ikizidi kwenye damu kwa miaka mingi, kuta za mishipa midogo iliyo nyuma ya jicho hulegea, huota vivimbe, huvuja maji na damu, na baadhi ya mishipa huziba kabisa. Muda wote huo mgonjwa anaweza kusoma gazeti, kuendesha gari na kutunga uzi kwenye sindano bila kuhisi lolote. Anapokuja kulalamika kwamba haoni vizuri, mara nyingi sehemu ya retina, yaani ule utando unaopokea mwanga, imeshaharibika na haiwezi kurudishwa. Kinachouma ni kwamba tiba ipo siku nyingi. Utafiti mkubwa wa Marekani ulionyesha tangu 1976 kuwa matibabu ya leza hupunguza hatari ya kupoteza uwezo wa kuona kwa nusu au zaidi. Wengi hupofuka kwa kuchelewa kujua. Ndiyo maana programu za kompyuta zinazosoma picha za jicho zimepokelewa kwa shangwe, na shangwe hiyo naiunga mkono, ila naona tunaisifia mashine jambo ambalo si kubwa kuliko yote. Tunasifu macho yake makali, ilhali faida yake kubwa iko katika kuwahi.

Picha yenyewe hupigwa kwa kamera maalumu inayopenyeza mwanga kwenye mboni. Kwa kompyuta, picha hiyo ni jedwali la namba tu: kila nukta ina namba tatu, za wekundu, ukijani na ubuluu wake. Safu ya kijani ndiyo yenye habari nyingi, kwa kuwa damu hufyonza mwanga wa kijani, na hivyo mishipa hujitokeza kwa weusi wake juu ya mandhari iliyofifia. Humo ndimo inamotafutwa dalili ya mwanzo kabisa, kivimbe cha mshipa, kitone ambacho upana wake haufiki hata sehemu moja ya nane ya milimita. Kitone hicho ni rahisi kukichanganya na vumbi la kwenye lenzi au na mahali mishipa miwili inapopishana. Watafiti wa mwanzo waliifundisha kompyuta kwa kuiandikia kanuni. Mwaka 1989 ilipendekezwa njia ya kueleza mshipa kihesabu, kwamba giza lake huzidi katikati na kupungua kuelekea kingo, kisha umbo hilo likapitishwa juu ya picha nzima katika mielekeo 12 ili kuona linapolingana. Ilikuwa kazi ya subira kubwa. Mkusanyiko maarufu wa DRIVE wa Uholanzi, uliotumiwa kote duniani kupimia programu hizo tangu 2004, ulikuwa na picha 40 tu, na mishipa yake ilichorwa kwa mkono.

Mambo yalibadilika kompyuta zilipoachwa zijifunze zenyewe kutokana na mifano. Mwishoni mwa 2016 watafiti wa Google walichapisha matokeo ya programu iliyofunzwa kwa picha 128,175, kila moja ikiwa imekaguliwa mara tatu hadi saba na jopo la madaktari 54. Hakuna aliyeiambia kivimbe kinafananaje. Ilionyeshwa picha na hukumu ya madaktari, ikakosea, ikarekebisha hesabu zake, ikarudia tena na tena. Aprili 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu mfumo mwingine, IDx-DR, utoe jibu bila daktari kuitafsiri picha. Katika majaribio yake mfumo huo uliwatambua wagonjwa 87 katika kila 100 wenye dalili, na kuwaruhusu takribani 91 katika kila 100 wasio nazo. Namba hizo zinapendeza, lakini tuzifanyie hesabu. Tuseme watu 1,000 wenye kisukari wanapimwa na 100 kati yao wana tatizo. Mashine itawakamata 87 na kuwakosa 13, kisha itawashuku bure 84 hivi miongoni mwa wale 900 wazima. Karibu nusu ya watakaotumwa hospitali watakuwa hawana ugonjwa huo. Kwa uchunguzi wa awali, hiyo si aibu, lakini ni ushahidi kwamba jibu la mashine ni mwanzo wa safari.

England inatufundisha jambo hapa. Mwaka 2003 ilianza mpango wa kitaifa wa kuwapiga picha za macho watu wenye kisukari kwa utaratibu maalumu, picha zikisomwa na binadamu waliofunzwa kazi hiyo. Mwaka 2014 iliripotiwa kwamba, kwa mara ya kwanza katika miongo isiyopungua mitano, madhara ya kisukari kwenye retina hayakuwa tena sababu kuu ya upofu kwa watu wa umri wa kufanya kazi huko England na Wales. Akili mnemba haikuwamo. Watafiti waliutaja mpango huo, pamoja na udhibiti bora wa sukari, kuwa miongoni mwa sababu zinazowezekana.

Sasa tazama nchi yenye wataalamu wachache. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Rwanda lililohusu wagonjwa 275 waliohitaji rufaa ya kwenda kwa daktari wa macho. Waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa jibu la kompyuta papo hapo kliniki. Jingine lilisubiri picha zisomwe na mtaalamu na kuletewa jibu baada ya siku 3 hadi 5. Katika kundi la kwanza, 70 kati ya 136 walifika hospitali. Katika kundi la pili walifika 55 kati ya 139. Ni asilimia 51.5 dhidi ya 39.6. Hakuna jicho lililotibiwa kwa programu. Kilichobadilika ni kwamba mgonjwa aliambiwa angali amekaa mbele ya mhudumu, shaka lingali jipya na maswali yakiweza kujibiwa. Matokeo hayo kwangu yana uzito kuliko ushindi wowote wa mashine dhidi ya madaktari.

Kuna wanaopinga wakisema kwamba maabara si zahanati, na wana haki. Huko Thailand programu ya Google ilipopelekwa kwenye kliniki 11, asilimia 21 ya picha 1,838 zilizopigwa katika miezi sita ya mwanzo zilikataliwa na mfumo wenyewe kwa kukosa ubora. Vyumba havikuwa na giza la kutosha, intaneti ilikuwa ya kusuasua, na mgonjwa ambaye picha yake ilikataliwa aliambiwa aende kwa bingwa wa mbali hata kama muuguzi hakuona tatizo. Lakini pingamizi hili halibomoi hoja yangu, bali linaipa nguvu. Mashine ikipoteza uwezo wa kujibu hapo hapo, imepoteza karibu kila kitu. Pazia zito dirishani na dawa ya kutanua mboni vinaweza kusaidia kuliko toleo jipya la programu.

Pingamizi la pili ni kwamba mashine iliyofunzwa kwa macho ya wengine itatukosea sisi. Hofu hii ni ya haki, na jibu lake hupatikana kwa kupima tu. Programu iliyofunzwa kwa picha za Singapore ilijaribiwa kwa Wazambia 1,574 wenye kisukari, na matokeo ya 2019 yalionyesha imetambua zaidi ya asilimia 92 ya waliohitaji rufaa. Ilifaulu, lakini ilifaulu kwa kuwa kuna waliofunga safari ya kuijaribu. Tahadhari haiishii hapo. Mwaka 2018 ilibainika kwamba kompyuta inaweza kukisia umri na jinsia ya mtu kwa picha ya retina, na jinsia ni jambo ambalo daktari hawezi kulisoma humo. Picha ya jicho basi hubeba habari nyingi kuliko tunazozijua, na kliniki inayoituma nje ya nchi ibanwe kwa sheria kama inavyobanwa juu ya faili la mgonjwa.

Linabaki pingamizi zito kuliko yote: kuna faida gani kumwambia mtu ana tatizo wakati mashine ya leza iko mbali au imeharibika? Hapa sina jibu la kuitetea teknolojia. Hospitali inayonunua programu bila kuimarisha chumba cha matibabu inatengeneza foleni ya watu wenye hofu. Kwa sababu hiyo kila mradi wa namna hii utangaze namba nne: waliopigwa picha, waliopewa rufaa, waliofika, na waliotibiwa. Hata katika kundi lililofanya vizuri kule Rwanda, watu 66 hawakufika. Kuwatafuta watu kama hao, kuwauliza kama ni nauli au ni woga, na kuwapangia siku nyingine ni kazi ya mhudumu mwenye orodha na simu, na mshahara wake uwemo katika bajeti ileile inayonunua kamera.