Jina la Uga na Amana ya Takwimu

Kila mwezi, katika kaunti 23 za nchi kame na nusu kame za Kenya, Isiolo ikiwa mojawapo, Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, ijulikanayo kwa ufupi kama NDMA, iliyoasisiwa mwaka 2011 na kutiwa nguvu na sheria ya Bunge ya mwaka 2016, hutoa taarifa ya kuwatahadharisha watu mapema. Na taarifa hiyo, ambayo kwayo kaunti huhesabiwa kuwa katika hali ya kawaida, ya tahadhari, ya hatari au ya dharura, hujengwa juu ya mambo yaliyo karibu sana na maisha ya mfugaji: mvua iliyonyesha, hali ya malisho, siha ya mifugo, lita za maziwa zinazokamwa na kaya, kilomita ambazo watu huyafuata maji, bei ya mbuzi ikipimwa kwa bei ya mahindi, na mzingo wa mkono wa mtoto asiyetimiza miaka 5. Asomaye taarifa huona tarakimu. Walakini tarakimu peke yake haisemi neno. Lita 3 za maziwa kwa kaya ya Merti ni habari moja, kilomita 3 za kwenda kisimani ni habari nyingine kabisa, na zote mbili huandikwa kwa tarakimu ile ile. Kinachozitenga ni jina.

Mintarafu ya jina hilo, yako mas'ala katika ufundi wa kuandika programu ambayo msomaji wa kawaida hakupata kuelezwa, ijapokuwa taathira yake humfikia: ni kwa njia gani programu inaweza kuyajua majina ya vitu inavyovibeba, na ni wakati gani ulio bora wa kuiuliza?

Mwandishi wa programu ya kukusanya takwimu za namna hii hutangaza kwanza muundo, yaani fungu la mambo yahusuyo kitu kimoja, na kila jambo lililomo katika muundo huitwa uga. Tuseme muundo wake una nyuga tatu: maziwa, umbali_wa_maji na mzingo_wa_mkono. Majina hayo ameyachagua kwa akili yake, yanasomeka, na mwenziwe atakayeirithi kazi atayafahamu. Kisha msimbo hupitishwa katika kompaila, ambayo ni programu ya kutafsiri maandishi ya binadamu kuwa amri za mashine. Na hapo, katika lugha kama C na C++, jambo kubwa hutendeka kimya kimya, nalo ni kufutwa kwa majina. Ikiwa kila uga umechukua baiti 4, basi mashine hujua tu kwamba wa kwanza huanzia mahali pa 0, wa pili mahali pa 4 na wa tatu mahali pa 8, na kwa kazi yake haihitaji zaidi ya hayo. Mfano wake ni kundi la ng'ombe lifikalo katika soko la mifugo la Isiolo bila chapa wala mchungaji: ng'ombe wametimia, ila hapana awezaye kusema yupi ni wa nani, isipokuwa kwa kukumbuka mpangilio walioingia nao.

Maadamu takwimu zimo ndani ya kifaa kimoja, hasara haionekani. Taabu huanza zinapotakiwa kutoka, ama kuandikwa katika faili, ama kupelekwa kwa mtandao hadi makao ya kaunti, kwa kuwa huko sharti kila tarakimu ifuatane na jina lake. Njia ya kale, ambayo hata leo wengi huishika, ni kuyaandika majina kwa mkono mara ya pili, katika orodha iliyo kando ya muundo. Siku ya kwanza orodha na muundo hulingana. Lakini programu haikai kama ilivyozaliwa: baada ya miezi kadhaa huja haja ya kuongeza uga wa bei ya mbuzi baina ya maziwa na umbali wa maji, mwandishi akaurekebisha muundo na kuisahau orodha, na tangu siku hiyo tarakimu zinazofuata maziwa huvaa majina ya jirani zao. Programu haianguki, wala haitoi onyo. Kilomita 3 husomeka kuwa mzingo, bei husomeka kuwa umbali, na kosa lililo baya kupita yote ni lile ambalo tarakimu yake inaaminika, kwa sababu halimshtui mtu.

Watu wa ufundi hawakukaa bure mbele ya aibu hii. Waandishi wa C walivumbua hila ya makro, yaani jina fupi ambalo hupanuliwa kuwa maandishi kamili kabla ya msimbo kutafsiriwa, ambayo kwayo orodha ya nyuga huandikwa mahali pamoja tu, kisha kompaila hulazimishwa kuisoma mara mbili, mara ya kwanza ikizaa muundo na mara ya pili ikizaa majina. Hila hiyo ni ya kuaminika, ijapokuwa husomeka kwa shida. Java, tangu toleo lake la 1.1 la mwaka 1997, ilichukua njia nyingine, iitwayo rifleksheni, yaani uwezo wa programu kujitazama yenyewe: majina hayafutwi, bali hubebwa ndani ya programu, nayo huweza kuulizwa wakati inapoendeshwa. Lugha ya Go nayo imeshika mwendo huo. Ni neema kubwa, lakini ina gharama tatu. Majina yote hubebwa hata yasipohitajika. Kila ulizo hula muda wa mashine. Na tena, lililo zito zaidi, kosa la jina halidhihiriki mpaka programu iwe tayari mikononi mwa mtumiaji. Katika simu ya kisasa gharama mbili za kwanza ni ndogo. Katika chipu ya ATmega328P, ambayo ndiyo moyo wa ubao wa Arduino Uno na ambayo mtu anaweza kuifungia kipimo cha maji cha bei nafuu kando ya kisima, nafasi ya programu ni kilobaiti 32 na kumbukumbu ya kazi ni kilobaiti 2 tu; humo hamna mahali pa anasa kama hiyo.

Hapa ndipo linapoingia wazo ambalo kwa rai yangu ni miongoni mwa maendeleo yenye manufaa makubwa kabisa katika lugha za programu za zama zetu, nalo ni rifleksheni ya wakati wa kompaila. Hoja yake ni nyepesi kuifahamu: kompaila, kabla ya kuyafuta majina, iliyajua yote, basi na iulizwe wakati huo huo, ingali ikiyajua, na majibu yake yatumike kuzalisha msimbo ambao mwandishi angalilazimika kuuandika kwa mkono. Lugha ya D, aliyoiasisi Walter Bright, imeruhusu jambo hili kwa miaka mingi kwa kauli iitwayo __traits. Na Zig ya Andrew Kelley inayo @typeInfo, ambayo hurudisha maelezo ya muundo, pamoja na jina na aina ya kila uga, hata mwandishi akaweza kuyapitia moja baada ya jingine kabla programu haijazaliwa. Rust hupita ubavuni kidogo, kwa kutumia makro zinazosoma maandishi ya muundo kabla ya kompaila kuzitambua aina zake. Nazo zimetosha kuijenga serde, maktaba ambayo waandishi wa Rust huitegemea sana katika kupeleka na kupokea takwimu.

Safari ya C++ ilikuwa ndefu kuliko hizo. Maktaba ya Boost.PFR, aliyoiandika Antony Polukhin, ilifikia mwaka 2023 kuyatoa majina ya nyuga kwa hila ya kustaajabisha: kompaila huombwa itaje jina kamili la funksheni fulani, jina refu ambalo ndani yake mmefichika jina la uga, kisha herufi zisizotakiwa hukwanguliwa pande zote mbili mpaka libaki neno lenyewe. Hila hiyo hufanya kazi kwa miundo sahili tu, na hutegemea jinsi kila kompaila ipendavyo kuliandika jina hilo refu. Hatimaye, mwezi Juni 2025, katika mkutano wa Sofia nchini Bulgaria, kamati ya viwango vya C++ ilipiga kura kuiingiza rifleksheni katika rasimu ya C++26. Sasa mwandishi huweka alama ya ^^ mbele ya jina la muundo ili aupate kama kitu cha kuulizwa maswali, huomba orodha ya nyuga zake, na kwa kila uga huuliza kitambulisho chake, akajibiwa kwa herufi zile zile alizoziandika yeye mwenyewe.

Manufaa yake hayaishii katika kupunguza uandishi. Kompaila inayojua majina inaweza pia kuyahakiki: mwandishi huiwekea sharti kwamba kila uga wa muundo uwe na mwenziwe katika fomu ya kaunti, na uga mmoja ukikosekana, programu haijengeki kabisa. Kosa hukamatwa mezani mjini Isiolo, mahali penye umeme na mtandao, badala ya kungoja likamatwe Sericho au Oldonyiro, au lisikamatwe kamwe. Aidha kifaa kidogo kisichoweza kubeba majina kinaweza kubeba muhuri wake: wakati wa kompaila majina, aina na mpangilio wa nyuga hufanyiwa hesabu inayozaa namba moja ya baiti 4, namba hiyo hutangulia kila ujumbe, na mpokeaji akiona muhuri usiofanana na wake huukataa ujumbe badala ya kuusoma vibaya.

Walakini si haki kuisifu dawa bila kutaja miiko yake, nayo ni miwili. Mwiko wa kwanza ni kulifanya jina la ndani ya msimbo kuwa ndilo ahadi kwa ulimwengu wa nje. Mwandishi anayo haki ya kubadili maziwa kuwa maziwa_ya_kaya ili msimbo wake usomeke vizuri, ila hana haki ya kuzifanya rekodi za miaka iliyopita zisitambulike. Mfumo wa DHIS2, ambao Kenya ilianza kuutumia nchi nzima mwaka 2011 kwa takwimu za afya, hutoa funzo jema katika hili, kwani humo kila kipengele cha takwimu hupewa kitambulisho cha herufi na tarakimu 11 ambacho hubaki vile vile hata jina lisomwalo na watu likibadilishwa. Serde huruhusu uga uwe na jina jingine la nje, nayo C++26 imekubali maelezo ya kubandikwa juu ya uga kwa makusudi kama hayo.

Mwiko wa pili unahusu heshima ya binadamu. Msimbo unaopitia nyuga zote bila kubagua utaziandika zote bila kubagua, ukiwemo uga wa namba ya kitambulisho cha mama aliyempeleka mwanawe kupimwa mkono. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 haitakubali udhuru wa kwamba ilikuwa kazi ya kompaila. Kaida iliyo salama ni kwamba uga usifichuliwe mpaka umetiwa idhini bayana, na idhini hiyo iandikwe juu ya uga wenyewe, mahali atakapoiona kila asomaye.

Kwa hiyo kijana wa Isiolo anayejifunza kazi hii asingoje lugha mpya wala kompaila mpya ndipo ayashike haya. Akiwa katika C, na aiandike orodha ya nyuga mahali pamoja kwa makro. Akiwa katika Rust, na aitumie serde. Akiwa katika Java, ambako majina huulizwa programu ikiwa mbioni, na ayahakiki mara programu inapoanza, kabla ya rekodi ya kwanza kupokelewa. Kanuni ni moja katika zote: jina liandikwe mara moja, mahali pengine pote litokane na hapo, na hitilafu ikiwapo imfikie mwandishi kabla ya kumfikia mfugaji. Kaya iliyokubali kuhesabiwa maziwa yake na kupimwa mtoto wake imetoa amana, na msaada kuja au kutokuja hutegemea amana hiyo kufika ikiwa na jina lake la haki.