Jamaa Wanapokataa Kwamba Mtoto Ana Usonji

“Hata babake alichelewa kusema.” “Huyo amedekezwa tu.” “Hilo ni jicho la watu.” “Usonji ni ugonjwa wa wazungu.” Iwe ni Likoni, Kisauni au Changamwe, mzazi anayerudi nyumbani na habari kwamba mtoto wake amepatikana na usonji husikia kauli kama hizi. Wanaozisema mara nyingi ni watu wanaompenda mtoto: bibi anayebaki naye mchana mama akiwa kazini, shangazi anayechangia matumizi, babu ambaye neno lake ndilo la mwisho. Shaka yao ina uzito, kwa sababu inaweza kuamua kama mtoto atarudishwa kliniki au la.

Kwa nini jamaa hushuku

Usonji hauonekani kwa kipimo cha damu wala kwa eksirei. Mtaalamu humtazama mtoto anavyocheza, anavyowasiliana na anavyoitika, kisha huwauliza wazazi kuhusu ukuaji wake. Jamaa aliyezoea malaria kuonekana kwa darubini huona kama daktari amekisia tu. Isitoshe, mtoto huyu ana afya nzuri, na pengine anaimba tangazo zima la redio.

Imani nazo zina nafasi yake. Utafiti uliofanywa Mombasa na Kilifi na kuchapishwa mwaka 2015 uliwahoji wazazi na wataalamu kutoka jamii za Wamijikenda, Waarabu na watu wenye asili ya Asia. Walitaja mapepo, uchawi na laana kuwa chanzo cha usonji, lakini pia walitaja urithi, maradhi na matatizo wakati wa kujifungua. Familia zilitafuta msaada kwa waganga, kwenye maombi na hospitalini.

Yanayojulikana

Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo inayoanza mapema maishani. Hauambukizi, na hauletwi na malezi mabaya. Urithi una mchango mkubwa. Madaktari wa ng’ambo nao waliwahi kuwalaumu akina mama kwa miaka mingi kabla ya dhana hiyo kutupiliwa mbali. Chanjo pia hazisababishi usonji. Makala ya mwaka 1998 yaliyozua hofu hiyo yalifutwa na jarida lililoyachapisha mwaka 2010.

Wala si hali ya wazungu pekee. Mtafiti Victor Lotter aliwapata watoto wenye usonji katika nchi 6 za Afrika, Kenya ikiwemo, na kuchapisha matokeo yake mwaka 1978. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 karibu mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji.

Dalili za kuangalia

• Mtoto wa mwaka mmoja haitiki akiitwa jina lake.
• Mtoto wa mwaka mmoja na nusu haonyeshi kwa kidole kitu kilichomvutia.
• Alikuwa na maneno machache, kisha yakapotea.
• Hurudia mchezo mmoja kwa muda mrefu, kama kupanga vifuniko vya chupa au kuzungusha gurudumu.
• Huziba masikio au kulia kwa honi ya feri au kelele za matatu.

Dalili moja peke yake haitoshi. Hapa shaka ya jamaa inaweza hata kusaidia: mtoto asiyeitika huenda hasikii vizuri, na masikio yake yanafaa kupimwa. Mtoto aliyechelewa kusema tu, kama babake, kwa kawaida bado huonyesha kwa kidole, humtazama mtu usoni na huigiza kupika au kuendesha gari.

Hasara ya kungoja

Miaka ya kwanza ndiyo ubongo hujifunza kwa wepesi zaidi. Mtoto anayengojewa “atasema tu” hupitwa na miaka hiyo, na mara nyingi huchapwa kwa kuonekana mkaidi. Kuna pia hatari ya maisha: baadhi ya watoto wenye usonji hutoka nyumbani kimyakimya, na wengi huvutwa na maji. Kwa familia inayoishi karibu na bahari au barabara kuu, kila mtu nyumbani anapaswa kulijua hilo.

Kuzungumza na anayeshuku

Mabishano husaidia kidogo. Mwaliko husaidia zaidi: “Bibi, naomba siku ya kliniki twende sote, umuulize daktari mwenyewe.”

Pia si lazima jamaa akubali jina la hali hii ndipo amsaidie mtoto. Bibi asiyetaka kusikia neno “usonji” bado anaweza kutumia sentensi fupi, kumwonyesha mtoto picha ya kikombe kabla ya kumpa maji, na kufunga mlango wa nje. Mtoto akianza kuleta picha hiyo mwenyewe, bibi ataona kwa macho yake.

Dua na maombi yanaweza kwenda sambamba na kliniki. Kisichokubalika ni kuacha kliniki, au kumfunga mtoto kamba, kumchanja, kumfukiza moshi au kumnyima chakula.

Pa kuanzia

Mzazi anashauriwa kuanzia kliniki ya mama na mtoto katika kituo cha afya kilicho karibu, akiwa na Kijitabu cha Mama na Mtoto. Kutoka hapo anaweza kupewa rufaa hadi hospitali kubwa, ikiwemo Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Pwani.

Kuhusu shule, vituo vya tathmini vya Wizara ya Elimu, maarufu kama EARC, humpima mtoto na kushauri atakakosomea. Baada ya tathmini katika hospitali ya serikali, mtoto anaweza kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu.

Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa kila mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na kupata elimu. Haki hiyo ni ya mtoto, na haisubiri jamaa wote wakubaliane.