Hesabuni Watoto Kabla ya Kuomba Madarasa

Wenzetu wa vikundi, Nanyuki kuna kambi ya jeshi letu la anga na ya wanajeshi wa Uingereza. Shule zikijaa, watu husema ni watoto wa askari. Si hao tu! Mama mboga, fundi na dobi nao hufuata kazi, wakapanga vyumba.

Basi piteni ploti kwa ploti, mwandike umri wa kila mtoto. Wa miaka miwili leo ataingia Gredi 1 baada ya miaka minne. Tena tangu 2023, Gredi 7 hadi 9 zimewekwa kwenye shule za msingi, kiwanja kimebanwa. Kitafuteni kingine mapema, kabla bei haijapanda.

Hesabu ya chekechea ipelekeni kaunti. Nyingine, ofisi ya elimu ya serikali kuu. Rudieni kila mwaka, maana askari huhamishwa.