Kazi ya kasino: leseni ya tajiri haimkingi kijana

Kijana wa Kibera au Kawangware akiitwa kazi "ya mashine", kwanza huuliza mshahara. Angeanza na swali jingine: je, kazi hii ina kibali, na ni cha nani?

Sheria ya zamani ya kamari nchini Kenya ni ya 1966, nayo ilisimamiwa na bodi ya BCLB. Agosti 2025 Rais William Ruto alitia saini sheria mpya, inayounda mamlaka ya kuchukua nafasi ya bodi hiyo.

Kasino halali haikaguliwi jengo na meza peke yake. Watu pia huchunguzwa. Jirani zetu Tanzania, kwa sheria ya 2003, Bodi ya Michezo ya Kubahatisha hutoa leseni kwa wafanyakazi, mbali na ile ya kampuni. Sababu yaeleweka. Mgawa karata ana pesa za watu mikononi, na keshia ndiye wa kwanza kuona fedha chafu zikiletwa kusafishwa. Kwa hiyo mtu hutakiwa kujulikana: ni nani, ana umri gani, amewahi kuhukumiwa kwa wizi au ulaghai? Akivunja masharti, aweza kupokonywa kibali.

Sasa tazama ile mashine inayokula sarafu za shilingi 20 kibandani huko mtaani. Tajiri wake haonekani. Anayeonekana ni kijana mwenye ufunguo, asiyekaguliwa na mtu wala kuandikwa popote. Mtoto wa shule akija na sarafu yake, ni nani wa kumzuia?

Mwaka 2018, Fred Matiang'i akiwa waziri wa usalama wa ndani, serikali ilizisaka mashine hizi na nyingi zikateketezwa. Msako kama huo ukifika, polisi humkuta mwenye ufunguo. Tajiri yuko kwake amelala.

Dini na wazee wetu wameshasema yao kuhusu kamari. Lakini kwa aliyeamua kutafuta riziki huko, awe Nairobi au hapa Mombasa, na aombe mambo matatu: aione leseni ya nyumba, aulize kibali chake yeye kitatoka wapi, na apewe mkataba wa maandishi. Akinyimwa hata kimoja, heri arudi nyumbani mikono mitupu.