Cheche Chini ya Busti

Gari la drag lenye turbo humaliza robo maili, yaani mita 402, kwa sekunde chache tu. Ndani ya sekunde hizo kila silinda hudai cheche yake kwa wakati wake, katika hewa iliyoshindiliwa kuliko ile ya injini ya barabarani. Mafundi wanapobishana juu ya distribyuta na koili za kila silinda, ubishi huanzia kwenye ukubwa wa cheche. Kwa maoni yangu huko ni kuanza pabaya. Jambo la kupimwa ni muda ambao koili inao wa kujichaji, na uhakika kwamba cheche itafika kwenye silinda iliyokusudiwa na si kwa jirani yake.

Mwaka 1889 mwanafizikia Mjerumani Friedrich Paschen alionyesha kwamba volti zinazohitajika ili umeme uruke kati ya ncha mbili hutegemea shinikizo la gesi likizidishwa kwa umbali wa ncha hizo. Turbo ikiongeza baa 2 juu ya hewa ya kawaida, silinda hupokea hewa yenye shinikizo karibu mara tatu kabla hata pistoni haijaanza kuibana. Plagi yenye nafasi ya milimita 1.1, iliyokuwa haina tatizo bila busti, sasa inadai volti nyingi mno, na injini inaanza kumisi mwendo ukikolea. Ndiyo sababu mafundi wa drag hubana nafasi hiyo hadi milimita 0.5 au 0.6. Anayetaka kununua mfumo mpya wa cheche ashike kwanza kipimo cha plagi. Kazi hiyo haina gharama, na mara nyingi ugonjwa huishia hapo.

Kwenye distribyuta umeme huruka mara mbili: kwanza kutoka ncha ya rota hadi terminali ya kava, kisha ndani ya plagi. Mruko wa kwanza ndio unaosahauliwa. Rota huzunguka kwa nusu ya mwendo wa krenki, na kwenye V8 terminali zimepishana nyuzi 45 tu. Injini ya turbo hurudisha taimingi nyuma busti inapopanda ili isigonge. Kompyuta ikirudisha nyuzi 16 za krenki, rota inakuwa imesogea nyuzi 8 zaidi wakati cheche inapotoka. Kama haikupangwa vizuri tangu mwanzo, ncha yake imeipita terminali inayohusika na inaelekea inayofuata, huku shinikizo ndani ya silinda likifanya njia sahihi kuwa ngumu. Umeme hufuata njia nyepesi. Ukimwangukia jirani aliye katikati ya kubana hewa na mafuta, pistoni inaweza kuvunjika.

Kuna namna ya kuliona hili kwa macho. Chukua kava kuukuu, toboa tundu kubwa karibu na terminali ya silinda namba moja, ifunge, washa injini na umulike kwa taa ya taimingi. Rota itaonekana kana kwamba imesimama. Badilisha taimingi kutoka ile ya mwendo wa kawaida hadi ile ya busti kamili, uangalie ncha inavyosogea. Inapaswa kubaki mbele ya shaba ya terminali mwanzo hadi mwisho. Ni kipimo cha dakika chache, na ningependa kila mwenye distribyuta kwenye gari la turbo akifanye kabla ya kwenda uwanjani.

V8 ndogo ya Chevrolet ina shida nyingine. Mpangilio wake wa kuwaka ni 1-8-4-3-6-5-7-2, kwa hiyo silinda ya 5 na ya 7, zilizo jirani upande mmoja wa injini, huwaka moja baada ya nyingine. Nyaya zao zikilazwa sambamba kwa urefu, waya wa 5 unaweza kuuamsha wa 7 kabla ya wakati. Fundi mzoefu huzitenganisha au huzipitisha zikikatana.

Tugeukie muda. V8 ikizunguka mara 8,000 kwa dakika inahitaji cheche 533 kwa sekunde, yaani koili moja ya distribyuta inapata chini ya milisekunde 2 kati ya cheche na cheche. Koili nyingi za kawaida huhitaji milisekunde 3 au 4 kujaa. Hapo ndipo mifumo ya kapasita kama ile ya kampuni ya MSD ilipojipatia heshima: kapasita huchajiwa hadi karibu volti 500 na kumwagwa kwenye koili kwa ghafla, hivyo cheche ni kali hata mwendo ukiwa mkubwa, ingawa haidumu. Ukiweka koili kwa kila silinda, kila moja inapata milisekunde 15. Inajaa kwa nafasi, na cheche yake hudumu zaidi.

Watengenezaji waliliona hili mapema. Buick iliondoa distribyuta kwenye V6 yake ya turbo ya lita 3.8 mwaka 1984, ikaweka koili tatu, kila moja ikihudumia silinda mbili. General Motors ilipotoa injini ya LS1 ndani ya Corvette mwaka 1997, ilikuwa na koili nane. Injini za ukoo huo leo ni chaguo la kwanza la wajenzi wengi wa turbo Marekani. Fundi wa Nairobi au Dar es Salaam ameshapitia mabadiliko hayohayo kutoka Corolla 100 hadi NZE.

Kwa injini mpya yenye kompyuta, basi, mimi ningefunga koili za kila silinda bila kusita. Silinda hazipati hewa na mafuta sawasawa, na mfumo huu hurahisisha kuirudishia taimingi ile moja inayokaribia kugonga bila kuziadhibu nyingine saba. Lakini una madai yake. Magari mengi ya drag hukimbia bila alternata. Betri ikishuka, koili inachelewa kujaa, na kompyuta lazima iongeze muda wa kuchaji kulingana na volti zilizopo. Wengine huweka betri ya volti 16. Waya wa arthi wa koili ukiwa mwembamba au umefungwa kwenye rangi, injini itamisi na lawama itaangukia koili zisizo na kosa.

Distribyuta inabaki na haki yake kwenye V8 ya zamani yenye kabureta na busti ya wastani, ambayo tayari inakwenda vizuri. Mwenye gari hilo akiwa na fedha ya kitu kimoja tu, aiweke kwenye sensa ya krenki. Gia ya distribyuta huchakaa, mnyororo wa kamshafti hulegea, na taimingi huyumba pamoja navyo. Sensa ikisoma krenki yenyewe, rota inabakiwa na kazi moja tu, kugawa umeme.