Mstari Uliofifia

Kaseti ya kupimia malaria ni kijiplastiki cha kutosha kiganjani. Tone la damu ya kidole huingia kitundu kimoja, matone ya dawa ya maji kingine, kisha ni kungoja dakika 15 au 20. Mstari wa C ukitokea peke yake, malaria haikuonekana. Wa T ukijitokeza pamoja nao, ipo, hata ukiwa umefifia vipi. C isipotokea, kaseti hiyo ni ya kutupa.

Taabu ni huo uliofifia. Foleni ya zahanati imefika uani, kaseti sita ziko mezani, na mhudumu hakumbuki ipi ilitangulia. Ikisomwa mapema, T huenda haijatoka. Ikiachwa mno, huweza kuzuka T ya uongo.

Hapo ndipo kisomaji cha kamera kinapofaa. Kaseti huingizwa ndani ya kisanduku chenye taa yake, ili jua la mlangoni lisiingilie. Kifaa huhesabu dakika, hupiga picha, kisha hupima wekundu wa mstari dhidi ya weupe wa karatasi. Wekundu huo aghalabu ni wa chembe za dhahabu (naam, dhahabu) zilizogandishwa kwenye kingamwili.

Kisumu walikijaribu. Vituo 11 vilipewa kifaa kiitwacho Deki Reader, wahudumu wawili kila kituo wakafunzwa kwa siku mbili. Matokeo ya vipimo 5,812 yalitumwa kwenye hifadhidata, na wasimamizi wakayaona karibu papo hapo bila kupanda matatu. Utafiti huo ulichapishwa 2015.

Kwa kaunti za milimani za Kisii na Nyamira, kilicho muhimu zaidi ni hiyo taarifa ya papo hapo kuliko jicho la kamera. Kwenye milima hiyo malaria haikai mwaka mzima kama ufuoni mwa ziwa kule Kisumu; huja kwa vishindo baada ya mvua ndefu, na kwa kuwa kinga ya wenyeji ni hafifu, hata watu wazima huangushwa. Mlipuko wa 2002 uliikumba Kisii katikati ya mwaka. Daftari la zahanati linalosubiri kujumlishwa mwisho wa mwezi huchelewa kuonyesha kishindo kama hicho.

Kifaa kina upofu wake. Kaseti nyingi hunasa protini ya vimelea iitwayo HRP2, ambayo hubaki damuni wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mgonjwa aliyekwisha kupona huweza bado kutoa mstari mwekundu, nayo kamera itausoma bila kosa. Ni mhudumu atakayemuuliza: “Dawa ulimaliza lini?”